Mikuki ya Nyaya za Mwavuli

Asiyesimama hapewi mkuki.

Ndivyo alivyowaambia mzee wa kanisa jana, mlipotaka Gwamaka akabidhiwe funguo za kinanda na hata nyimbo za Krismasi bado hazijui. Mkaja kwangu mmenuna, mnauliza mkuki na kinanda wapi na wapi. Haya, kaeni. Tusajigwe, sogeza hilo benchi, usimkalie mwenzio.

Mwanzo wa methali hii naujua kuliko mtu yeyote wa mji huu. Aliyeitamka mara ya kwanza ni marehemu baba yangu, Mzee Anyosisye, na aliyemfanya aitamke ni babu yenu Lwitiko, huyo mnayemsikia akikohoa chumbani. Akizidisha kikohozi mjue nimegusa panapomuuma. Sitamhurumia. Nimeishi naye miaka mingi na kila mwaka nimeisimulia hadithi hii, naye kila mwaka anadai nimeongeza chumvi.

Mnajua mvua ya huku kwetu Rungwe. Ikianza haiagi. Mashamba ya chai yanakunywa, migomba inakunywa, na binadamu wanakaa ndani kutazamana. Ninyi mna simu. Sisi tulikuwa na meza ya Fundi Hamimu.

Hamimu alikuwa mshonaji wa nguo pale sokoni, na meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Jumamosi mchana aliondoa mikasi na vitambaa, akatandika blanketi kuukuu la kijani. Chini ya blanketi alisukumia vitabu, vikawa vilima. Utepe wa bluu wa kushonea magauni ukawa mto. Hapo tena meza ikawa uwanja wa vita, na juu yake walipigana watu wadogo wa mti, warefu kama kidole cha kati. Jeshi la Mlimani lilikuwa la baba yangu. Jeshi la Bondeni lilikuwa la Hamimu. Walirusha dado kwenye kopo la bati, wakapima mwendo wa askari kwa futikamba, na sisi tulijaa barazani tukishangilia kama tuko mpirani. Msicheke. Kuna watu walikosana na shemeji zao kwa sababu ya meza ile.

Mchezo ulikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilikuwa kali kuliko zote: aliyeanguka ameanguka. Askari akidondoka, hata kama hakupigwa, hata kama ni upepo au mkono wa shati umemkumba, basi amekufa na anaondolewa mezani. Baba na Hamimu waliitunga wenyewe wakati walipochoka na ubishi wa "huyu hakufa, nimemgusa kwa kiwiko tu". Siku moja Hamimu mwenyewe alipiga chafya, jemadari wake akalala chali. Alimtoa kwa mikono yake mwenyewe, akampangusa vumbi na kumweka dirishani. Kwa heshima ile tulimpenda hata sisi wa Mlimani.

Sasa, jeshi la Hamimu lilikuwa maridadi. Alikuwa fundi nguo, kwa hiyo kila askari wake alishika sindano na kusimama juu ya kifungo cha koti. Jeshi la baba lilikuwa na marungu ya mti tu, yaliyochongwa pamoja na miili yao. Baba alikuwa mtu wa mizani kiwandani, akipima majani ya chai tangu ujana wake, na hakuwa na wivu kwa kitu chochote duniani isipokuwa zile sindano. Ziliwaka kwenye mwanga wa dirisha, naye alizitazama kwa hasira. Mwaka ule, kabla ya vita vikubwa vya kufunga masika, akachonga jeshi jipya lote la msonobari, kila askari na ngumi iliyofumbwa tayari kushika mkuki. Mpiga ngoma peke yake hakuwa na ngumi. Huyo baba alimchonga ameketi, ngoma katikati ya miguu.

Ilibaki kupata mtu wa kutengeneza mikuki, na vitako vya kuwasimamisha mezani. Hapo ndipo anapoingia babu yenu.

Lwitiko alikuwa fundi miavuli. Katika mji wa mvua kama huu fundi miavuli hafi njaa, na mikono yake ilikuwa na baraka kwelikweli. Shida yake ni kwamba ukimpa mwavuli leo, kesho humjui alipo. Mara yuko kwenye kibaraza cha kinyozi, mara nyuma ya mashine ya kusaga, mara kahamia stendi kwa sababu ameambiwa stendi kuna watu. Alilala kwa rafiki. Sanduku lake la zana lilikuwa na safari nyingi kuliko kondakta. Juu ya hayo yote alikuwa ameshaagiza kwa Hamimu suti ya harusi, na hata chumba cha kuitundika hakuwa nacho.

Harusi yenyewe ilikuwa yangu mimi. Nilimpenda, sioni haya kulisema. Alikuwa na maneno matamu, lakini zaidi ya maneno alikuwa na moyo usio na kinyongo, na mwanamume wa namna hiyo si rahisi kumpata. Baba hakumkataa wala hakumkubali. Alimwita nyumbani, akamkabidhi kile kikosi ndani ya kikapu, akamwambia, "Wawekee mikuki na vitako. Nikipeleka jeshi la kueleweka kwa Hamimu Jumamosi, Jumapili walete wazee wako tuzungumze."

Lwitiko alitoka pale kama amepewa ufalme.

Nilikwenda kumtazama akifanya kazi, na nawaambia kweli, ilipendeza. Alikata nyaya za miavuli iliyokufa, akazitia kwenye makaa, akaigonga ncha ya kila waya juu ya chuma mpaka ikapanuka kama jani la chai. Kisha akaisugua kwa tupa, kisha kwa majivu, mpaka inang'aa. Alitoboa ngumi ya askari kwa msumari wa moto, akapitisha mkuki, akaugandisha kwa gundi ya seremala. Akamaliza mmoja, akamwinua kwenye mwanga, akacheka peke yake.

"Na vitako?" nikamuuliza.

"Vitako ni kazi ya jioni moja, Sekela. Nani anatazama vitako? Watu wanatazama mikuki."

Nami nikakubali, maana hata mimi nilikuwa naitazama mikuki.

Ijumaa akageukia vitako. Alikuwa amekata viduara vya mbao vizuri tu. Akamchukua askari wa kwanza, akamweka juu ya kiduara, askari akayumba. Akamgeuza chini juu, ndipo akaona. Mkuki ulikuwa umeshuka mpaka chini ya nyayo na kutokeza kama mkia. Kitako kilikalia ule mkia, hakikugusa miguu. Akamtazama wa pili, hivyohivyo. Wote walikuwa hivyo, kwa sababu alikuwa amepima mikuki kwa macho, askari wakiwa mkononi mwake, hawajakanyaga kitu. Akajaribu kuuvuta mmoja juu, gundi ilikuwa imeshashika, ngumi ikakatika ikabaki kwenye waya. Akajaribu kuukata mwingine kwa koleo, mshtuko wa koleo ukapasua mkono mpaka begani.

Mwenye akili angekwenda kwa baba jioni ile kusema, "Mzee, nimekosea mpango." Lwitiko alikuwa na mapenzi kichwani, si akili. Akachukua viduara vya boksi la sabuni, vyepesi, akaviringisha nta kidogo chini ya kila unyayo kuziba ile nafasi ya mkia, akawabandika. Wakasimama, ndiyo. Ila wote waliinama mbele kidogo, kama watu walionusa pilau nyumba ya jirani.

Jumamosi mvua ilinyesha ya kukomoa, na baraza la Hamimu likafurika. Babu yenu akafika amevaa koti la ile suti ya harusi. Eti asubiri nini. Kikapu kilipofunguliwa na askari kupangwa safu kwa safu, bega kwa bega, watu waliguna kwa kustaajabu. Mikuki ile! Sindano za Hamimu ziligeuka kuwa sindano tu. Baba alifunga kifungo cha juu cha koti lake na kumtazama Lwitiko, na mimi nilimfahamu baba yangu, yale macho yalikuwa yameshamwita mkwe.

"Jirani," Hamimu akasema, "leo umenijia na serikali nzima."

"Rusha dado," baba akajibu. Hakutaka sifa, alitaka vita.

Hamimu akatikisa kopo na kulipiga juu ya meza, pu, kama alivyolipiga siku zote.

Askari wa mwisho kulia akainama zaidi. Mkuki wake ukanasa kwenye mkuki wa jirani yake. Jirani akamfuata, akamnasa wa tatu, na hapo ikawa kama watu wanaosujudu kwa zamu, safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu, taratibu, bila haraka, mpaka Jeshi la Mlimani lote likalala kifudifudi juu ya blanketi la kijani. Katikati ya maiti wale alibaki mtu mmoja. Mpiga ngoma, ameketi zake, ngoma katikati ya miguu.

Mtu nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Aliyeanguka ameanguka." Baraza lote likapasuka kwa kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Sikumtazama baba, nilimtazama Lwitiko, naye koti lile jipya lilikuwa limemlegea mabegani kama la kuazima.

Hamimu ndiye aliyenyamazisha watu. "Hapana, jirani, hii si haki. Waokote, tuanze upya."

Baba akatikisa kichwa. "Jemadari wako alipokufa kwa chafya, uliomba tuanze upya?"

"Sikuomba."

"Basi endelea. Bado nina mtu."

Tukaendelea. Mnajua, nimeona harusi nyingi na mechi nyingi, lakini sijaona mchana mtamu kama ule. Kwa sheria zetu asiye na silaha aliruhusiwa kutembea, si kupiga. Basi baba alimtembeza mpiga ngoma wake peke yake, kwa futikamba, kilima baada ya kilima, kulikabili jeshi zima la sindano. Hamimu akarusha dado, akakosa. Watu wakapiga makofi. Akarusha tena, akakosa tena. Watu wakaanza kumpigia ngoma kwenye kuta, kwenye madebe, kwenye mapaja. Mpiga ngoma akavuka mto wa utepe na kufika mbele ya jemadari wa Bondeni, na pale dado ikamgeuka. Baba alimtoa mwenyewe, akamtia mfukoni badala ya kikapuni, akampa Hamimu mkono. Walikuwa wanacheka wote wawili mpaka machozi.

Lakini watu walipotawanyika, Lwitiko alimsogelea, na baba hakuwa anacheka tena.

"Baba, naomba radhi. Nimekuaibisha."

"Mikuki yako ni mizuri," baba akasema. "Sijaona mizuri kama hii, na nasema kweli. Ila nani alikwambia uwape kabla hawajasimama?"

"Nilidhani vitako vitafuata."

"Mkuki unapimwa kuanzia chini, mwanangu. Mtu hajakanyaga mahali, utampimia kuanzia wapi?"

Lwitiko akainamisha kichwa. Kisha akauliza lile lililokuwa likimchoma, na likinichoma mimi pia niliyesimama mlangoni. "Na wazee wangu? Waje kesho?"

Baba akalitazama lile koti la harusi, kola mpaka mkono. Akasema polepole, "Asiyesimama hapewi mkuki."

Akavaa kofia, akaingia mvuani.

Nilimfuata mpaka nyumbani nikilia kwa hasira. Enzi zile binti hakumjibu baba yake, lakini siku ile nilimjibu. "Baba, kwani mimi ni mkuki? Mimi ni wa kupewa mtu ashike?"

Akaketi, akanionyesha kiti. "Sekela, wewe si mkuki. Mkuki ni kuitwa mwenye nyumba. Ni kitu kizito, kinamvuta mtu mbele. Kijana yule leo yuko kwa kinyozi, kesho yuko stendi. Nikimtwisha hilo leo ataanguka, na katika safu, anayeanguka anamnasa wa jirani. Wa jirani ni wewe." Kisha akaongeza, "Sijamfukuza. Kumfukuza nakujua. Nimemwambia asimame."

Nilidhani Lwitiko atahama. Ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila aibu, kubeba sanduku. Kumbe Jumatatu asubuhi, mvua inanyesha, yuko mlangoni kwetu amelowa chapachapa. "Mugonile, baba," akamwamkia. "Naomba kile kikapu."

Baba akampa.

Akaanza upya. Aliwalaza askari kwenye maji ya moto mpaka gundi ikalainika, akaitoa mikuki mmoja mmoja, akaunga ngumi zilizokatika kwa vijiti vyembamba kama njiti za meno. Akapanga chumba kimoja cha mbele karibu na soko, akaning'iniza mwavuli mwekundu juu ya mlango, na hapo akabaki. Mwezi ukaisha, yupo. Kiangazi kikapita, yupo. Watu wakaanza kusema "peleka kwa Lwitiko" bila kuulizana Lwitiko yuko wapi. Wapo waliomtania, wakimpita dukani huku wameinama mbele kama askari wake, naye akacheka nao. Nilipita pale mara nyingi, na kila mara nilikuwa na mwavuli mbovu. Mama akashangaa miavuli ya nyumba yetu imepatwa na nini.

Wakati ule barabara ya kiwandani ilikuwa inatiwa lami. Lwitiko akaomba makombo yaliyomwagika kando, akayayeyusha kwenye kopo, akamimina ndani ya vizibo vya soda, na kila kizibo kilipokuwa bado laini akamkanyagisha askari mmoja. Lami ikapoa, ikashika miguu. Kizito chini, chepesi juu. Ndipo alipochukua nyaya, akazisimamisha juu ya kizibo, akapima kutoka pale kwenda juu, akakata, akatia kwenye ngumi.

Masika yaliporudi alikuja nyumbani na kikapu. Mama alikuwa amemimina chai. Lwitiko hakusema mengi, na hilo peke yake lilinishtua. Akawapanga mezani safu kwa safu, bega kwa bega.

Baba akawazunguka. Akainama kuwatazama usawa wa macho. Kisha, bila kutuonya, akapiga meza kwa kiganja chake cha kubebea magunia. Vikombe viliruka, chai ikamwagika mpaka kwenye kanga ya mama, sukari ikatawanyika. Mama akapiga kelele, "Anyosisye, una wazimu?" Askari walitikisika, mikuki ikatetema yote pamoja, kisha ikatulia. Hakuna aliyelala.

Baba akavuta pumzi. Halafu akamwona jemadari, mbele ya safu, ngumi yake tupu.

"Huyu je? Mkuki wake umepotea?"

"Haujapotea, baba." Lwitiko akautoa mfukoni mwa shati, mwembamba, mrefu kuliko yote, ncha yake imesuguliwa mpaka inawaka. "Nilimsimamisha tu. Kumpa mkuki nilitaka wewe ndiye useme kama amesimama."

Hapo nikajua hamzungumzii mtu wa mti.

Baba akamsukuma jemadari kwa ncha ya kidole. Jemadari akaenda nyuma, akarudi. Akamsukuma tena kwa nguvu zaidi. Akaenda upande, akarudi. Baba akamtazama muda mrefu, na kila mtu chumbani alikuwa amesahau chai iliyokuwa ikidondoka sakafuni. Kisha akamchukua yule jemadari mdogo, akamweka mbele ya Lwitiko.

"Mpe," akasema.

Lwitiko akautia mkuki kwenye ngumi. Haukuyumba.

"Na wazee wako," baba akaendelea, akijifuta chai mkononi kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "waambie mvua isiwe kisingizio. Waje kesho."

Mama ndiye aliyepiga vigelegele. Mimi nilikimbilia jikoni kulia, safari hii kwa furaha. Jumamosi iliyofuata Hamimu alitushinda tena, maana kwa dado alikuwa shetani, lakini alitushinda mtu kwa mtu, na kila askari wetu alianguka kwa kupigwa. Watu wa Mlimani walirudi nyumbani wakiimba kama washindi.

Neno la baba likatoka barazani, likaingia sokoni, likaenda kiwandani na kanisani. Wengi wanalitumia kumnyima mtu kitu, na hapo wananikera. Baba hakulisema kumnyima mtu. Nilimsikia mwenyewe akilimalizia siku ya harusi yetu, mbele ya watu, mkono wake uko begani kwa Lwitiko, na Lwitiko ndani ya suti ambayo sasa ilimkaa. Basi mkilisema ninyi, lisemeni lote kama alivyolisema yeye:

"Asiyesimama hapewi mkuki. Na aliyesimama, msimcheleweshee."